Upana wa Njia ya Ng'ombe

Neno linalonichosha kuliko mengine yote ya Kiswahili ni maoni. Nikilisikia redioni, nazima redio. Walikuja Kitengela kutuuliza maoni, tukayatoa, wakaenda nayo Kajiado, wakarudi kutuuliza tena, tukatoa yale yale. Sina ubaya na mtu anayetaka kujua ninachofikiri. Ubaya wangu ni na mtu anayeuliza akiwa tayari amekunja karatasi.

Mikutano ilifanyika darasani mwangu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi, na darasa langu ndilo pekee lililokuwa na vioo vizima madirishani, kwa hiyo vumbi la barabara ya Namanga halikutusumbua sana. Jumamosi wazee wenye shuka zao na wafanyakazi wa viwandani wenye mabuti yao waliketi kwenye madawati ya watoto wa miaka minane, magoti yakikaribia kidevu, wakiombwa waseme Kitengela iwe namna gani wajukuu wao watakapokuwa watu wazima. Ramani ilibandikwa juu ya ubao, ikafunika hesabu zangu za kujumlisha. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu mbili tu: mwandiko mzuri na ufunguo wa darasa.

Inafaa nieleze jinsi nilivyofika pale. Mimi ni mtu wa Ukambani. Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River, na mwanzoni mwa miaka ya tisini tukanunua ploti Kitengela, wakati ploti zilikuwa nyasi na upepo. Shamba kubwa la jamii lilikuwa limeshagawanywa, kila mzee wa Kimaasai akapewa kipande chake, na baadhi yao wakaanza kukata vipande vya kipande hicho na kutuuzia sisi wageni. Tulijenga chumba kimoja cha mabati, tukazungushia waya, tukapanda mipapai. Upepo ulikuwa unapiga mabati yale mpaka tunashindwa kusikilizana mezani.

Jirani yetu wa ng'ambo alikuwa mjane wa Kimaasai, mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya amri. Nilimwita Yeyo, maana yake mama, naye aliniita Mwalimu hata kabla hajajua kama ninafundisha au nimevaa tu vizuri. Mumewe alikuwa amekufa. Wanawe wa kiume wote wawili walikuwa Namanga, wanasimamia karatasi za malori mpakani, na hawakuwa na haja na ng'ombe. Binti yake alikuwa ameolewa Kimana. Ng'ombe walikuwa wake yeye, na mchungaji alikuwa yeye mwenyewe, pamoja na mwanamume mmoja wa ukoo wake aliyekuja na kuondoka alivyotaka.

Kati ya ploti yetu na boma lake ilipita njia ya ng'ombe. Ukiiona siku ya kawaida ungefikiri ni uwanja uliosahauliwa: ardhi nyeusi iliyokanyagwa, pana, isiyo na mpaka. Ilitoka malishoni upande wa Kisaju, ikapita mbele yetu, ikateremka hadi mtoni. Si wake peke yake waliopita. Maboma mengine ya nyuma yake yaliitumia pia. Lakini wale wengine walikuwa na kisima au binamu mwenye kisima. Yeye alikuwa na mto tu.

Kila jioni ng'ombe waliporudi alisimama mlangoni pa boma, mikono nyuma, akawatazama wakiingia. Hakuhesabu. Alitazama tu, na siku ambayo mmoja hayupo alijua kabla wa mwisho hajaingia. "Yule mwekundu ya doa haiko," angesema, na mtu angetumwa. Mara ya kwanza kuliona hilo nilimwuliza, kama mwalimu wa hesabu anavyoweza kuuliza, "Kwani Yeyo uko nao wangapi?"

Alinigeukia kama nimemwuliza siku atakayokufa. Kisha akacheka, akanisamehe.

"Kidogo tu, Mwalimu."

Nami nikaona haya, kwa sababu nilipaswa kujua. Nyanya yangu kule kwetu hakukubali mtu ahesabu watoto wake kwa kidole. Ukimwuliza alikuwa akisema, "Wapo." Mali yenye uhai haitajwi kwa idadi, ukiitaja umeifungulia mlango. Wako watu wa mjini wanaofikiri wafugaji huficha hesabu kwa kuogopa kodi. Kodi yenyewe haikuwapo. Wanaficha kwa sababu wanawapenda ng'ombe wao.

Tuliishi hivyo kwa miaka kadhaa. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, nami nikampa mapapai na majani ya chai. Huku nyuma mji ulikuwa unakuja. Viwanda vya nguo vilifunguliwa upande wa Athi River, wasichana wa kushona wakahitaji vyumba, wenye ploti wakajenga vyumba, na vyumba vikataka maduka. Mwenye ploti ya kona aliweka waya hatua chache ndani ya njia ya ng'ombe. Hakuna aliyesema kitu. Wa pili akamfuata, ili mstari unyooke, alisema. Wa tatu akapanda michongoma. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa njia ya Yeyo. Ng'ombe waliokuwa wakipita wametawanyika kama watu wanaotoka kanisani sasa walibanana, wakapigana pembe, na ndama mmoja akakatwa na waya mguuni.

Alikuja kwangu na yule ndama nikamsaidia kumfunga kitambaa. Alipomaliza aliketi kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa.

"Mwalimu, hii njia wakifunga, mimi nimeisha," alisema. "Ng'ombe yangu itakunywa wapi? Hapa kwa bomba yako?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema jinsi mtu anavyosema kwamba sukari imekwisha. Mimi ndiye niliyeumia.

Ndiyo maana habari ya mpango ilipofika niliifurahia kama mjinga. Kaunso, yaani halmashauri yetu, ilitangaza kwamba mji unakua bila kichwa, na sasa utatengenezewa mpango wa miaka mingi ijayo, na safari hii wananchi wenyewe watasema. Afisa wa mipango akaja kutoka Kajiado na ramani zake kwenye mfuko mrefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti la kijivu na subira ya kupita kiasi. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji walipiga makofi.

Mikutano ya kwanza ilikuwa na raha yake, sitasema uongo. Kila mtu alitaka soko karibu na kwake na jaa la takataka karibu na kwa mwingine. Tulibishana kuhusu stendi, mitaro ya maji machafu, hospitali. Jumamosi moja tulimaliza mchana mzima kwa ajili ya makaburi. Afisa alitaka tuonyeshe mahali pa makaburi ya mji, nasi hakuna aliyeonyesha. Wamaasai walisema mtu huzikwa kwenye ardhi yake. Sisi wengine tulisema tutazikwa kwetu: Machakos, Kitui, Nyeri, Kisii. Afisa alitutazama akauliza, "Sasa nyinyi wote mnapanga mji na hakuna mtu anapanga kufia hapa?" Tulicheka sana. Niliandika kwamba jambo hilo litarudiwa mkutano ujao, na halikurudiwa.

Kisha tukafika kwenye njia za mifugo. Afisa alieleza vizuri. Mpango unaweza kulinda njia, alisema, isifungwe na mtu yeyote milele, hata mwenye hati. Ila upana wake unategemea mifugo wanaoipita. Wakiwa wengi, njia pana. Wakiwa wachache, njia nyembamba, kwa sababu kila hatua tunayoipa njia tunaikata kwenye ploti ya mtu.

"Kwa hivyo wazee wangu, nisaidieni," alisema akishika kalamu. "Hii njia ya kwenda mtoni, ng'ombe wanapita hapo ni wangapi hivi?"

Wazee wa maboma walitazamana. Yule mkubwa wao alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Ni kidogo tu," alisema.

"Kidogo kama ngapi, mzee?"

"Kidogo. Mungu anasaidia."

Afisa akamgeukia wa pili, naye akasema kidogo. Wa tatu hakusimama; alisema akiwa dawatini kwamba kwake wamebaki kidogo kabisa, na niliwaona ng'ombe wa mtu huyu asubuhi ile ile wakichukua muda wa mimi kuchemsha chai na kuinywa kabla wa mwisho kupita. Yeyo aliulizwa akiwa nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanawake wengine.

"Kidogo," alisema, macho chini.

Afisa aliandika. Nami nikajiona nimekaa juu ya miiba. Mkutano ulipokwisha nilimfuata nje, akiwa anafunga mfuko wake kwenye pikipiki, nikamweleza. Nilimwambia hao si wachache, ni wengi, hawawezi kusema, ni mwiko, njoo uone mwenyewe jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Huo ndio ulikuwa ubaya wake, alikuwa msikivu.

"Mwalimu, nakuelewa," alisema. "Lakini hii kazi ni ya maoni ya wananchi. Mimi siwezi andika chenye mimi nimeona. Naandika chenye wamesema. Nikianza kuandika yangu, si tutakuwa tumerudi pale pa zamani?"

Walikuwa wameombwa waseme, wakasema, naye akaandika walichosema kwa uaminifu.

Rasimu ilirudi baada ya muda mrefu, mvua mbili zilikuwa zimepita. Ramani ilikuwa nzuri, yenye rangi: manjano kwa nyumba, nyekundu kwa biashara, zambarau kwa viwanda. Yeyo hakuwa anasoma, lakini alikuja mbele, akaniomba nimwonyeshe mto, nikamwonyesha. Nimwonyeshe boma lake, nikamwonyesha. Kisha akaniuliza iko wapi njia. Niliweka kidole na kidole kikaifunika yote. Ilikuwa mstari mwembamba wenye vidoti, na chini yake maandishi kwamba ni njia ya waendao kwa miguu.

Akakisogeza kidole changu pembeni, akainama.

"Hapa ng'ombe itapita moja-moja kama watoto yako wakienda kwa choo?"

Watu walicheka, yeye hakucheka.

Kilichofuata ni uchovu mtupu na sijui niandikeje uchovu bila kumchosha msomaji. Tuliandika barua ya kupinga. Tuliambiwa barua iandikwe upya kwa kupitia kwa chifu. Chifu alikuwa likizo. Tulikwenda Kajiado, mimi na wazee wawili na Yeyo, tukakaa kwenye benchi ya nje ya ofisi tangu ofisi ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa, na jua likatuzunguka kutoka uso hadi kisogo. Tuliambiwa afisa yuko nyanjani. Mara ya pili tuliambiwa afisa amehamishwa, na faili iko naye, au haiko naye, itatafutwa. Mume wangu aliacha kuniuliza tulikofikia. Alikuwa ananitazama nikivua viatu vyenye vumbi la Kajiado na kusema, "Subira huvuta heri, mama," kwa sauti ya mtu anayejua heri imekataa kuvutwa.

Wakati huo waya nazo hazikuwa zinasubiri faili. Mtu aliyenunua karibu na mto aliona kwenye ramani kwamba ng'ombe watapita kwenye uchochoro, akajenga ukuta wa mawe kulingana na uchochoro. Hakuwa mtu mbaya, na ramani alikuwa nayo mkononi, ameinunua kwa halali. Yeyo alianza kupeleka ng'ombe mtoni kwa mafungu, fungu moja asubuhi, fungu jingine mchana, kazi ambayo mtu wa umri wake hakupaswa kufanya. Alikonda. Maziwa aliyoniletea yalipungua, na nilipomwambia asiniletee tena alikasirika, akaniletea kibuyu kilichojaa.

Afisa mpya alikuwa mwanamke, mkali kidogo, mwenye haraka. Alitangaza mkutano wa mwisho. Baada ya huo, alisema, rasimu itapitishwa na kaunso na haitafunguliwa tena. Darasa langu lilijaa mpaka watu wakasimama nje, wakisikiliza kupitia madirisha. Nilikuwa nimechoka sana siku ile. Nilitaka tu wamalize nifagie.

Ilipofika zamu ya njia ya mto aliuliza lile lile. "Hapa kwa rekodi imeandikwa mifugo ni wachache. Kuna mtu ako na maoni tofauti?"

Yule mkubwa wa wazee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na aliyeshika nafasi yake aliangalia fimbo yake. Nilijua watakachosema. Nilikuwa nimeshaanza kukiandika.

Yeyo akasimama. Alikuja mbele akipita kati ya madawati, shuka lake likinasa kwenye kona za mbao, na alipofika mezani kwangu alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nipe ile vitu ya watoto ya kuhesabu."

Nilikuwa na kopo la vifuniko vya soda. Watoto wa darasa la pili walijifunza kujumlisha navyo. Nikampa. Nilikuwa nimeelewa anachotaka kufanya.

Alichukua kifuniko kimoja akakiweka juu ya meza ya afisa. "Mwekundu ya doa kwa bega," alisema. Akachukua cha pili. "Nyeusi, mama ya hiyo." Cha tatu. "Ile ya pembe moja." Alikwenda hivyo, bila haraka, akiwataja mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao, na ambao Kiswahili kilimshinda aliwataja kwa Kimaasai. Mzee mmoja alisimama akatoka nje. Mwingine akajifunika uso kwa shuka. Mwanamke mmoja kule nyuma alianza kusema maneno ya chini ya kuomba. Katika darasa ambalo kila Jumamosi lilikuwa kelele tupu nilisikia vifuniko vikigusa mbao.

Meza ilipojaa alisimama wima.

"Ni hiyo," alisema.

Afisa alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea. Kisha akamwomba, kwa heshima, namshuhudia, atamke idadi kwa kinywa chake ili iingie kwenye kumbukumbu. Nilitaka kumwambia aache, nitaitamka mimi. Yeyo alininyamazisha kwa mkono. Akaitamka kwa Kiswahili, si kwa Kimaasai. Nafikiri alitaka lugha ya mama yake ibaki safi.

Wazee wengine hawakuhesabu, lakini idadi yake peke yake ilitosha. Afisa alichora mistari miwili, mmoja huku, mwingine huku, na kati yake akaacha uwazi. Diwani naye aliunga mkono kwa nguvu zake zote, na baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa na ploti huko mwisho wa njia na alitaka lori lifike. Sikujali. Kaunso ilipitisha. Askari wa kaunso walikuja, waya zikang'olewa, michongoma ikafyekwa, na yule mwenye ukuta alilipwa kwa kupewa kipande nyuma. Sisi pia tulirudisha waya wetu ndani. Mipapai yetu miwili ilikuwa kwenye mstari. Mume wangu aliikata mwenyewe, akasema afadhali panga lake kuliko la askari.

Mwaka ule ng'ombe walipita. Nilikuwa natoka nje na kikombe changu kuwaangalia wakiteremka mtoni wote pamoja, wametawanyika tena, vumbi likiwa jekundu kwa jua, na Yeyo nyuma yao na fimbo, anatembea kama mtu aliyepunguziwa miaka. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu katika habari hii yote nimelitumia vibaya mara moja, na hapa ndipo palipolistahili.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena msimu uliofuata. Wazee walisema hawajaona kiangazi kama kile, na wazee husema hivyo kila kiangazi, lakini safari hii nilianza kuwaamini nilipoona mto wenyewe. Njia pana ilikuwepo na mwisho wake, mtoni, palikuwa na mawe matupu. Wafugaji walipita kwetu wakitokea kusini, wakielekea Nairobi kutafuta majani ya kando ya barabara, na mizoga ikabaki nyuma yao kwenye barabara ya Namanga. Ng'ombe wa kila mtu walikufa. Wa wale wenye visima walikufa kwa njaa, si kwa kiu, lakini walikufa.

Wa Yeyo walikufa mmoja mmoja, kama alivyowataja. Watu wa maboma hawakumlaumu mbele ya uso. Waliacha tu kupita kwake. Mzee aliyetoka nje siku ile aliniambia, bila hasira, "Maji ikimwagika haizoleki, Mwalimu."

Nilimkuta siku moja asubuhi ameketi mlangoni pa boma, mahali pake pa jioni. Boma lilikuwa tupu. Nilijaribu kufanya kazi ya mtu aliyesoma.

"Yeyo, kiangazi kimeua za wote," nilisema. "Hata wale hawakuhesabu wamepoteza. Umeona mwenyewe."

"Ndiyo," alisema. "Ya wote imekufa."

Nikafikiri nimemsaidia.

"Lakini yangu nilitaja," alisema.

Nilikaa naye chini. Nilikasirika na afisa wa kwanza na upole wake, na wa pili na haraka yake, na kaunso, na mvua, na nikakosa hata mmoja wa kumshika shingo.

Binti yake alikuja kumchukua akampeleka Kimana. Wanawe waliuza ardhi. Boma lilisawazishwa kwa tingatinga siku moja tu, na mahali pake sasa kuna nyumba ya ghorofa yenye vyumba vya kupangisha na roshani zilizojaa nguo.

Nilimtembelea mara moja, wakati shule zimefungwa. Kule wana maji ya mifereji kutoka chemchemi, wanalima nyanya na vitunguu, ni kijani mpaka macho yanauma. Nilimkuta shambani, ameinama, anapalilia pamoja na wajukuu. Aliniambia kazi ya kitunguu ni nzuri kwa mzee kwa sababu kitunguu hakitoroki. Tulicheka. Alinipikia chai yenye maziwa ya pakiti, akaomba radhi kwa ajili yake.

Nilipokuwa naondoka aliniuliza, "Njia bado iko?"

"Iko, Yeyo."

"Ni pana?"

"Ni pana."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mstari wake wa vitunguu.

Sikumwambia kwamba ndiyo barabara pana kuliko zote za mtaa wetu. Imewekwa changarawe, kisha lami. Malori ya mchanga yanapita sambamba. Watu waliohamia juzi wanaisifu, wanasema hii sehemu yetu ilipangwa na watu waliona mbali, sio kama kule ng'ambo ambako nyumba zimekaliana. Chama cha wakaazi kimepanda miti kando yake.

Mwaka uliopita kabla sijastaafu walikuja tena. Mpango mpya, maana ule wa zamani umeshazidiwa na mji. Binti mmoja mwenye shati la kazi, mpole, alisimama langoni kwangu na vifaa vyake vya kupimia. Alitaka maoni. Nilimwambia sina. Akacheka akidhani ni mzaha, akapima barabara upande hadi upande, akashangaa.

"Shosho, hii imeachwa kubwa hivi kwa nini? Kulikuwa na nini hapa?"

"Ng'ombe," nilisema.

"Wow. Walikuwa wengi?"

Nilitazama ng'ambo, kwenye roshani na nguo zake. Idadi ninayo. Nilikuwepo ilipotamkwa, na niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kidogo tu," nikamwambia, na akaandika.